Jean de Heinzelin, mtafiti aliyechimbua mfupa wa Ishango

Ndani ya jumba la makumbusho ya sayansi ya viumbe huko Brussels, Ubelgiji, kuko mfupa mdogo wa rangi ya kahawia, urefu wake sentimita 10 hivi. Mtu anaweza kuufunga ndani ya kiganja usionekane. Ulitoka Ishango, jimbo la Kivu ya Kaskazini, pale mto Semliki unapotoka katika Ziwa Edward. Juu yake kuna mikato 168, imepangwa katika mistari mitatu, na watu wa hesabu dunia nzima wameujadili tangu zaidi ya miaka 60.

Wengi huku mashariki wamesikia jina la Ishango shuleni. Jina la aliyeutoa mfupa ule ardhini halijulikani sana. Aliitwa Jean de Heinzelin de Braucourt, Mbelgiji, aliyezaliwa mwaka wa 1920 na kufa mwaka wa 1998. Maisha yake yote alifanya kazi ya kusoma udongo na miamba, kuanzia bonde la Semliki hadi Sudani na Ethiopia. Mfupa umemletea sifa, lakini kwa wakaaji wa Kivu kuna jambo lingine la kujifunza kwake. Juu ya umri wa mfupa alikosea, tena kwa maelfu ya miaka. Na waliokuja kumsahihisha walitumia kazi yake mwenyewe, kwa kuwa aliandika vizuri kila kitu kilitoka katika udongo gani.

Parke, ziwa na meno ya chusa

Ili kuelewa namna de Heinzelin alivyofika Ishango, ni lazima kurudi nyuma kidogo. Mwaka wa 1925 serikali ya Wabelgiji ilianzisha Parke Albert, ile ambayo tangu 1969 inaitwa Parke ya Virunga. Ilikuwa parke ya taifa ya kwanza Afrika. Wanakijiji walikatazwa kulima na kuwinda ndani yake, lakini watafiti kutoka Ulaya walifunguliwa mlango. Kila misheni ilikuwa na kazi yake: mmoja samaki, mwingine majani, mwingine ndege, mwingine volkano. Matokeo yao yalitolewa Brussels katika vitabu vingi vya chuo cha parke za Kongo, kilichoongozwa na Victor Van Straelen, ambaye pia alikuwa mkubwa wa jumba la makumbusho ya viumbe.

Miaka ya 1935 na 1936, mtaalamu wa viumbe vya majini, Hubert Damas, alikuja kupima maziwa ya huku. Hakuja kutafuta watu wa zamani. Lakini pale Ishango, ukingoni mwa maji, aliokota kipande cha taya la mtu, kigumu kama jiwe, pamoja na ncha za chusa zilizochongwa kwa mfupa. Chusa ni kama mkuki mdogo wa kuvulia: ncha yake ina meno yanayoelekea nyuma, ikiingia ndani ya samaki haitoki tena. Vitu vile vilipelekwa Brussels, vikawekwa. Halafu vita ya pili ya dunia ikaja, na kwa miaka mingi hakuna mwenye aliyerudi pale kuuliza ni nani waliovua kwa vyusa vile, na ni lini.

De Heinzelin ndiye aliyetumwa. Alikuwa kijana wa miaka 30, mtaalamu wa jiolojia, yaani elimu ya miamba na ardhi. Hilo lilibadilisha kazi yote. Mtu mwenye kutafuta vitu vya kuweka kwenye kabati angechimba, akaokota vilivyo vizuri, akaenda. Mtu wa jiolojia anaanza kwa kuuliza udongo wenyewe umewekwa na nani: maji ya ziwa, mto, upepo au volkano.

Mwaka wa 1950 pale Ishango

Mahali penyewe panajulikana na kila mvuvi wa Kyavinyonge, kijiji cha uvuvi kisicho mbali na pale. Ziwa linajifunga, maji yanaanza kukimbia kuelekea kaskazini, yanakuwa mto Semliki. Mto huo unaenda mpaka Ziwa Albert, na kutoka huko maji yanaingia mto Nile. Viboko wanalala katika maji ya kina kidogo. Kando ya mto kuna kilima cha udongo uliopangwa kwa matabaka, moja juu ya lingine, kama mikeka iliyolundikwa.

Mwaka wa 1950 de Heinzelin alifungua mashimo yake katika matabaka yale. Kama ilivyokuwa desturi ya misheni za wakati ule, kazi ya jembe na ya kubeba ilikuwa ya Wakongo, na jina juu ya kitabu lilikuwa la mzungu. Kila tabaka lilichorwa, likapimwa, likapewa jina. Kila ncha ya chusa, kila jiwe lililochongwa, kila mfupa wa samaki uliandikwa umetoka tabaka gani.

Kwa njia hiyo maisha ya watu wa kale yalianza kuonekana. Waliishi ukingoni mwa maji kwa muda mrefu. Walikula samaki wengi, wakiwemo kambale wakubwa. Waliwinda viboko na wanyama wa porini. Walikuwa na mawe ya kusagia. Vyombo vyao vya kukata vilitoka katika kwatsi, lile jiwe gumu jeupe ambalo wachimba dhahabu wa Kivu wanalifahamu sana. Chuma hawakukijua, wala mashamba, wala mifugo.

Mambo ya vyusa yalimvutia zaidi. Katika matabaka ya chini, yaani ya zamani kuliko yote, ncha zilikuwa na meno pande zote mbili. Kadiri alivyopanda juu, zilikuja zile zenye meno upande mmoja tu. Watu wa Ishango walikuwa wamebadilisha namna ya kutengeneza chombo chao, pole pole, kizazi baada ya kizazi. Bila kuandika matabaka, mabadiliko hayo yasingeonekana hata kidogo. Lingebaki fungu moja la vyusa vilivyochanganyika, vizuri kwa kutazama, bila historia.

Mifupa ya watu pia ilipatikana. Ilichunguzwa Brussels na mtaalamu wa maumbile ya watu, François Twiesselmann, aliyetoa kitabu juu yake mwaka wa 1958. De Heinzelin mwenyewe alitoa vitabu viwili vikubwa. Cha 1955 kilieleza bonde la ufa kwenye mstari wa Ishango, namna ardhi ilivyopasuka na kuteremka. Cha 1957 kilieleza machimbo yenyewe.

Mfupa wenye mikato

Kati ya vitu hivyo vyote, kimoja hakikufanana na vingine. Ni mfupa mwembamba wa mnyama, umekwanguliwa ukawa laini, na kwenye ncha moja umepachikwa kipande cha kwatsi. Pengine kilikuwa kisu kidogo cha kuchorea au kukatia, na mfupa ulikuwa mpini. Lakini mpini huo umejaa mikato midogo, na mikato imekaa kwa makundi.

De Heinzelin aliihesabu. Katika mstari mmoja kuna makundi manne: 11, 13, 17 na 19. Katika mstari mwingine kuna 11, 21, 19 na 9. Mstari wa tatu una makundi manane: 3, 6, 4, 8, 10, 5, 5 na 7. Mwenye kalamu anaweza kujumlisha. Mstari wa kwanza unatoa 60. Wa pili unatoa 60 tena. Wa tatu unatoa 48.

Alijiuliza kama hayo yalitokea tu kwa bahati. Mwaka wa 1962 aliandika makala katika gazeti la Marekani, Scientific American, akaeleza wazo lake mbele ya wasomaji wa dunia nzima. Katika ule mstari wenye makundi manane aliona kuzidisha mara mbili: 3 iko karibu na 6, 4 iko karibu na 8, na 10 inafuatwa na 5 mara mbili. Katika mstari wenye 11, 21, 19 na 9 aliona namba 10 na 20, zimeongezwa 1 au kupunguzwa 1. Na 11, 13, 17 na 19 zote ni namba tasa, yaani namba zisizogawanyika isipokuwa kwa 1 na kwa zenyewe. Tena ndizo namba tasa zote zilizo kati ya 10 na 20. Aliona kwamba wavuvi wa Ishango walikuwa na mchezo wa hesabu, au njia ya kuhesabu kwa kumi. Alikwenda mbali zaidi: alidhani kwamba ujuzi wa chusa, na pengine wa hesabu, uliteremka na maji ya Nile mpaka Misri.

Makala hiyo ndiyo iliyompa mfupa umaarufu wake. Lakini wengine hawakukubali. Alexander Marshack, Mmarekani, aliutazama mfupa kwa hadubini, akasema mikato inafuata siku za mwezi wa angani: mtu alikuwa akiandika usiku kwa usiku, kuanzia mwezi mwandamo hadi mwezi mpevu. Wengine walisema mfupa ulikuwa tu wa kuhesabia vitu, kama vile mtu asiye na daftari anavyokata alama juu ya kijiti akidaiwa. Wengine tena walisema huenda mikato iliwekwa ili mkono usiteleze. Juu ya namba tasa, walio wengi wana shaka: mtu hawezi kuzitambua bila kujua kugawanya kwanza, na hakuna alama nyingine ya kuonyesha kwamba kugawanya kulijulikana wakati ule.

Mpaka leo jambo halijakatwa. Wanaosema hesabu ya dunia ilizaliwa Kongo wanasema zaidi ya kile ambacho mfupa unaweza kushuhudia. Wanaosema ni mikwaruzo tu nao wanapita haraka juu ya mistari miwili yenye jumla moja. Kilicho hakika ni kwamba mtu fulani, ukingoni mwa Ziwa Edward, aliketi akakata alama kwa mpango, na alikuwa na sababu.

Kosa juu ya umri

Lini? Hapo ndipo de Heinzelin alipoteleza, na namna alivyoteleza inafaa kuelezwa.

Baada ya vita ya pili ya dunia, wataalamu walipata njia mpya ya kupima umri wa vitu vya kale, inayoitwa kaboni 14. Kila kilicho hai kinachukua kaboni kutoka hewani au majini. Kikifa, aina moja ya kaboni hiyo inapungua polepole kwa mwendo unaojulikana. Ukipima iliyobaki, unajua miaka iliyopita. Magamba ya konokono wa majini kutoka Ishango yalipimwa, na jibu likawa kwamba yana zaidi ya miaka elfu 20.

De Heinzelin hakuliamini jibu hilo. Na alikuwa na sababu ambayo mkaaji wa Bukavu au Goma anaweza kuielewa haraka. Huku maziwa yako katika nchi ya volkano. Kila mtu anajua kwamba chini ya Ziwa Kivu kumelala gesi nyingi, na kwamba mazuku, gesi ile inayotoka ardhini karibu na Goma, inaua watu na mifugo. Gesi ya namna hiyo inatoka chini kabisa, na kaboni yake ni ya zamani mno. Konokono akijenga gamba lake kwa kaboni hiyo, ataonekana mzee kuliko umri wake. De Heinzelin aliogopa mtego huo. Akaliweka pembeni lile jibu la magamba, akakadiria kwa njia nyingine, akalinganisha na vyusa vya sehemu nyingine za Afrika, na kusema kwamba watu wa Ishango waliishi miaka elfu 8 au 9 hivi kabla ya siku zetu, pengine zaidi kidogo.

Ilikuwa ni hofu ya mtu mwangalifu, lakini ilimpeleka mbali na ukweli. Miaka ya 1980 watafiti walirudi Semliki. Alison Brooks, Mmarekani, na wenzake walichimba tena Ishango na kupima upya. Waliona kwamba lile jibu la kwanza halikuwa na kosa kubwa: tabaka lililotoa mfupa lina miaka kati ya elfu 20 na elfu 25. Kwa hiyo mfupa ulikuwa wa zamani zaidi ya mara mbili kuliko alivyosema aliyeuchimbua.

Masahihisho hayo yaliwezekana kwa sababu mashimo ya 1950 yalikuwa na michoro. Watafiti wapya walijua tabaka lipi ni lipi. Walijua mfupa ulilala wapi, chini ya nini na juu ya nini. Laiti mfupa ule ungeokotwa na mtu wa kupita tu, ukauzwa au ukawekwa sebuleni, leo usingekuwa na umri wowote. Ungekuwa mfupa wenye mikwaruzo, basi.

Kutoka Semliki hadi Ethiopia

Ishango ilikuwa mwanzo tu. De Heinzelin alifundisha katika Chuo Kikuu cha Gent, Ubelgiji, na aliendelea kufanya kazi na chuo cha sayansi ya viumbe cha Brussels. Mwaka wa 1962 alitoa kitabu cha kufundishia namna ya kutambua na kupanga vyombo vya mawe, kilichotumiwa na wanafunzi wanaosoma Kifaransa.

Miaka hiyo ya 1960 Misri ilikuwa ikijenga ukuta mkubwa wa Aswan, na nchi ya Nubia, kati ya Misri na Sudani, ilikuwa karibu kuzama chini ya maji pamoja na historia yake yote. Watafiti wa nchi nyingi walikwenda kuokoa walichoweza. De Heinzelin alikwenda pamoja na kundi la Mmarekani Fred Wendorf, kazi yake ikiwa ileile: kusoma matabaka ya Nile na kueleza lini mto ulipanda na lini ulishuka.

Halafu bonde la Omo, kusini mwa Ethiopia, ambako udongo umehifadhi mifupa ya mamilioni ya miaka. Huko alifanya kazi na kundi la F. Clark Howell, na mwaka wa 1983 ulitoka mkusanyo mkubwa wa kijiolojia juu ya bonde hilo chini ya uongozi wake. Wataalamu wa mifupa ya watu wa kale walimtegemea, maana fuvu bila tabaka halina umri, na matabaka ya Omo yamepinda na kukatika kama karatasi iliyokunjwa.

Miaka ya 1980 alirudi pia huku. Wakati huo nchi iliitwa Zaïre, na msafara wa watafiti wa nchi mbalimbali ulikuwa ukichunguza Semliki ya juu, ukiongozwa na Noel Boaz. De Heinzelin, mtu wa miaka zaidi ya 60, alishika tena ramani za ujana wake. Pamoja na Mbelgiji mwenzake, Jacques Verniers, alipanga upya historia ya ardhi ya bonde hilo, maandishi yaliyotolewa mwaka wa 1990. Katika miaka hiyohiyo watafiti walipata mahali panapoitwa Katanda, ukingoni mwa Semliki, si mbali na Ishango. Hapo Alison Brooks na John Yellen walichimbua vyusa vingine vya mfupa, na mwaka wa 1995 walitangaza kwamba vina miaka elfu 90 hivi. Kuna wataalamu wenye kupinga umri huo. Lakini ukithibitika, inamaanisha kwamba watu wa bonde hili walichonga vyusa vya meno zamani sana kuliko wavuvi wa Ulaya.

Kazi yake ya mwisho ilikuwa tena Ethiopia, katika bonde la Awash ya kati, pamoja na Tim White, Berhane Asfaw na wengine. Pale Bouri walipata mifupa ya wanyama yenye alama za kukatwa kwa mawe, ya miaka milioni 2 na nusu. Ni kati ya dalili za zamani kuliko zote za mtu, au babu wa mtu, kukata nyama kwa chombo. De Heinzelin alikufa Novemba 1998. Makala ya Bouri ilitoka Aprili 1999 katika gazeti la Science, jina lake likiwa la kwanza katika orodha ya walioiandika.

Mfupa wa pili

Kuna jambo moja alilolificha kwa muda mrefu. Mwaka wa 1959, mwaka mmoja kabla ya uhuru wa Kongo, alikuwa amepata Ishango mfupa mwingine wenye mikato. Huo hakuutangaza. Aliubakiza kwake miaka karibu 40, akiuchunguza, na alianza kuuzungumzia tu karibu na mwisho wa maisha yake.

Kwa nini alinyamaza? Mtu anaweza kukumbuka kilichompata mfupa wa kwanza. Wazo lake la 1962 lilipokelewa na wengine kwa shangwe kupita alichoandika, na wengine kwa dharau. Hata hivyo ukimya huo ulikuwa na hasara. Kama mifupa miwili ingejadiliwa pamoja tangu mwanzo, mazungumzo yote yangekuwa mengine, maana mikato ya kwanza ingekuwa na kitu cha kulinganishwa nacho. Baada ya kifo chake wenzake waliutoa hadharani. Mwaka wa 2007 ulifanyika mkutano huko Brussels juu ya Ishango, na mfupa wa pili ukajadiliwa na watu wa hesabu na wa historia. Juu yake kuna mikato 90.

Mfupa uko Brussels, mahali pako Kivu

Leo swali linaloulizwa sana huku ni moja: kwa nini mfupa wa Ishango uko Ubelgiji? Jibu la historia ni fupi. Ulichimbuliwa 1950, chini ya utawala wa koloni, na misheni ya chuo cha koloni, na kila kilichopatikana kilipakiwa kwenda Brussels. Mifupa ya watu wa Ishango nayo iko hukohuko. Mwaka wa 2016 ilichunguzwa tena na kundi lililoongozwa na mtafiti Mfaransa, Isabelle Crevecoeur. Hakuna Mkongo aliyeulizwa mwaka wa 1950 kama vitu hivyo vitoke.

Jibu la leo bado linaandikwa. Februari 2022 serikali ya Ubelgiji iliipa serikali ya Kongo orodha ya vitu karibu elfu 84 vilivyoko katika jumba la makumbusho la Tervuren. Juni mwaka huohuo mfalme Philippe alileta Kinshasa kinyago kikubwa cha Wasuku, kwa njia ya azima. Julai ilitoka sheria ya Ubelgiji inayofungua njia ya kurudisha vitu vilivyochukuliwa kati ya 1885 na 1960. Miaka ya machimbo ya Ishango, 1950 na 1959, imo ndani ya muda huo. Lakini sheria yenyewe inataka mazungumzo kati ya serikali mbili na uchunguzi wa kitu kwa kitu, na mifupa ya watu haimo ndani yake. Mwenye kudai mfupa wa Ishango anapaswa kujua hayo, ili adai kwa mlango ulio wazi.

Jambo la pili ni mahali penyewe. Mfupa ukirudi kesho, utarudi ukiwa peke yake. Lakini matabaka ya Ishango, ya Katanda na ya ukingo wote wa Semliki bado yako palepale, na mengi hayajafunguliwa. Tangu vita vya miaka ya 1990 utafiti umekuwa mgumu sana. Parke ya Virunga, ambayo UNESCO iliiandika mwaka wa 1979 kati ya urithi wa dunia, iko tangu 1994 katika orodha ya maeneo yaliyo hatarini. Walinzi wengi wa parke wameuawa. Ukingo wa mto unaliwa na maji kila msimu wa mvua, na kila kipande kinachoanguka kinaondoka na ukurasa ambao hakuna aliyeusoma.

Hapo ndipo kazi ya de Heinzelin inaweza kumsaidia mkaaji wa kawaida, hata yule wa Kivu ya Kusini asiyewahi kuona Ziwa Edward. Bonde la ufa halikuishia Ishango. Linapita Rutshuru, Goma, Bukavu, uwanda wa Ruzizi, Uvira na Fizi. Watu wanachimba kila siku: misingi ya nyumba, mchanga, udongo wa matofali, dhahabu, koltani. Wakati mwingine jembe linagonga chungu cha zamani, jiwe lililochongwa, au mifupa migumu kama mawe. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba kitu kinatupwa, au kinauzwa kwa franga kidogo kwa mpita njia.

Sheria ya Kongo ya mwaka wa 1971 juu ya ulinzi wa mali ya utamaduni ipo, na inahusu pia vitu vinavyopatikana ardhini. Kwa mwenye jembe, mambo ya kufanya ni machache. Kuacha kitu pale kilipo. Kupiga picha kwa telefone kabla ya kukigusa, picha yenye kuonyesha udongo wa pembeni. Kuandika kina cha shimo na jina la mahali. Kisha kumjulisha mkuu wa mtaa au wa kijiji, ofisi ya utamaduni ya jimbo, au walimu wa historia na jiolojia kwenye chuo kikuu kilicho karibu. Mwalimu wa Bukavu akipata kitu chenye picha na kina, ana pa kuanzia. Akiletewa kitu ndani ya mfuko wa plastiki, bila kujua kimetoka wapi, hata akiwa na mashine zote za Brussels hatakisaidia.